Mwaka Walioniuliza Kondo Langu Liko Wapi

Shangazi yangu Dorka alizikwa Kosele mwezi uliopita na mimi sikwenda. Tangu siku ile simu yangu haijapumzika. Kwenye kikundi cha ukoo nimeitwa mwalimu mwenye moyo wa jiwe, nimeitwa mwenye kujisikia, na binamu mmoja ambaye hakuwahi kumnunulia shangazi hata leso ya kujifunga ameandika kwamba kusoma sana huharibu wanawake. Nimewaacha waandike. Mchango wangu niliutuma kama wengine, kisha siku ya maziko nikakaa nyumbani kwangu Homa Bay, nimenuna, naangalia ziwa mpaka macho yakauma. Anayetaka kujua kwa nini sikwenda na asome hapa. Asiyetaka na aendelee kuwatumia wenzake picha za pilau aliyoila matangani.

Habari za wazazi wangu na babu zangu sitaziandika. Watu wa umri wangu wakianza kusimulia maisha yao huanza na ukoo, nani alimzaa nani na walihama kutoka wapi. Mimi mwaka ninaousimulia niliulizwa ukoo wangu na watu wengi, tena watu wasio na adabu, hata nikalichukia swali lenyewe. Itoshe kusema kwamba kwetu ni upande wa Migori, karibu sana na mpaka wa Tanzania, mahali ambapo mbuzi hulala Kenya na kula Tanzania. Kwamba mwaka huo mama yangu alikuwa ameshaaga dunia. Na kwamba wakati nazaliwa hospitali iliyokuwa karibu ilikuwa ng'ambo, upande wa pili wa mpaka. Mama alivuka akiwa na uchungu, akajifungua, akarudi nami amenibeba. Hakuna aliyeona ajabu. Wanawake wengi wa kijiji chetu walijifungulia huko, na waliporudi waliulizwa tu kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata nafasi katika chuo cha ualimu. Chuo kilitaka kila mwanafunzi afike na kitambulisho cha taifa. Asiye nacho nafasi yake ingepewa mwingine. Wakati nangoja nilikaa kwa shangazi huko Kosele, ambako aliolewa. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, sebule ina viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe alivyovishona mwenyewe, na hakuna mwanamke aliyekalia viti hivyo isipokuwa mgeni. Mimi nililala stoo, pamoja na magunia ya viazi vitamu. Anayejua viazi vitamu vya Kosele anajua utamu wake vikiiva; mimi najua harufu yake vikianza kuoza chini ya gunia, na mpaka leo sivigusi. Shangazi aliniamsha kwa kugonga ukuta na mwiko. Hakuniita jina langu. Aliniita "wewe wa ng'ambo," na akiwa amechoka aliniita "wewe" tu. Niliteka maji, nililima, nilipika, nilipiga pasi vile vitambaa vyeupe, na nikikosea alinieleza kosa langu mbele ya majirani ili na wao wafaidike.

Mumewe, Mzee Odira, alikuwa mpole. Naliandika neno hilo kwa hasira. Alinunua ng'ombe kule kwetu Migori na kuwauza soko la Oyugis, na akirudi safari alizungumza kwa sauti ya chini, akauliza kama nimekula, akaagiza nipewe paja la kuku badala ya shingo. Nilikuwa msichana asiye na mama. Mtu akinipa paja la kuku niliona amenipa dunia. Nilimwona yeye ndiye mtu mwema wa nyumba ile na shangazi ndiye adui. Shangazi aliniletea paja hilo jikoni kwenye sahani yangu, akala shingo yeye mwenyewe, huku ananitazama. Walikuwa na mabinti wawili waliokuwa shule ya bweni, na hawakuwa na mtoto wa kiume. Jambo hilo halikutajwa mezani, ila wageni wazee wa kiume walipoondoka walizoea kusimama langoni na mwenye nyumba kwa muda mrefu, na shangazi akawa anakwangua sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kitabu pekee nilichokwenda nacho Kosele kilikuwa cha Jiografia, kimepoteza jalada. Nilikisoma jikoni, moshi ukinitoa machozi. Niliipenda nchi hii kwenye karatasi kabla sijaijua kwa miguu: bonde linavyoikata kutoka kaskazini hadi kusini, nyanda kavu ambako mvua huja kama mgeni asiyetaka kukaa, milima ya kati, pwani ambayo sikuwa nimeiona. Nilijua kwamba mto Kuja unaanzia nyanda za juu za Gusii na kupokea mto Migori kabla ya kuingia ziwani. Nilifurahi sana kuona mto wa nyumbani umeandikwa kitabuni. Nikadhani nchi iliyouandika mto wetu kitabuni haiwezi kukataa kuniandika mimi. Baadaye nimefundisha somo hilo miaka mingi, na kila mwaka nimewaambia wanafunzi wangu kwamba ramani huonyesha mahali mto ulipo, haionyeshi nani ataruhusiwa kunywa. Wao huandika hivyo kwenye daftari kana kwamba nimetoa maelezo ya mtihani.

Kitambulisho nilianza kukitafuta huko huko. Chifu wa upande wa Kosele aliniambia mimi si wa kwake, niende kwetu Migori. Nikasafiri, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo, miwa pande zote mbili za barabara, nikafika Migori na vumbi mpaka kwenye meno. Karani wa Migori akaniuliza ninaishi wapi. Nikasema Kosele. Akaniambia kama ninaishi Kosele nikaandikishwe Kosele. Nikarudi. Wakati huo zilikuwa wilaya, leo ni kaunti, lakini tabia ya kumrusha mtu ng'ambo ya mstari kama mpira haijabadilishwa jina. Mwishowe mtu mmoja wa ofisini, amechoka kuniona, akasema watu wa mpakani hawaandikishwi hivi hivi. Wanapita kwanza mbele ya kamati ya wazee, wanaulizwa maswali, wazee wakiridhika kwamba huyu ni Mkenya ndipo anapigwa picha. Kamati ingekaa kwenye kambi ya chifu ya kwetu, na ingekaa tena mara moja kabla chuo hakijafunguliwa.

Jirani mmoja wa Kosele alidai wazee hao huuliza habari za nchi: mipaka, milima, majina ya wilaya. Nilimwamini. Nilirudi kwenye kitabu changu kama mgonjwa anayerudi kwa daktari. Nilikariri nikisaga mahindi, nikakariri nikifua. Mzee Odira alinisikia akacheka polepole, akasema nitawashinda wazee wote. Nilimshukuru kwa moyo mweupe.

Jumapili iliyofuata alikuja mgeni kutoka kwetu, Mzee Ogola, mwenzake Odira katika biashara ya ng'ombe. Nilimfahamu kwa sura. Nilijua pia kwamba ni mmoja wa wale wazee wa kamati, na nikaona bahati imenitembelea. Shangazi alichinja jogoo. Jiko letu lilikuwa nyumba ndogo ya udongo karibu kabisa na dirisha la sebule, na siku ile dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa nasonga ugali, shangazi anamkatakata jogoo, ndipo nikasikia Ogola akiuliza kama yule mtoto wa shemeji atapita mbele yao wiki ile. Odira akasema atapita. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole.

"Muulizeni kondo lake la nyuma lilizikwa wapi," akasema. "Hapo ataanguka."

Kwetu mtoto akizaliwa, kondo lake la nyuma huzikwa nyumbani kwa baba yake, la mvulana kulia, la msichana kushoto. Hapo ndipo mtu ni wa wapi. Ukiwa na kondo lako ardhini una mizizi, hata kama uliondoka ukiwa mchanga. Langu lilibaki hospitalini ng'ambo, na Odira alilijua hilo kwa sababu nilimsimulia mimi mwenyewe, jioni moja, nikimshukuru kwa nyama. Ogola akacheka, akauliza nikianguka itakuwaje. Odira akamjibu kwamba nitarudi pale pale. Bila kitambulisho nitakwenda wapi? Akasema nyumba ile inahitaji meko ya pili na mtoto wa kiume, mimi ni msichana mwenye mgongo wa kazi, na kwa kweli Dorka angekuwa ameshanileta kwake kwa mkono wake mwenyewe, kama wake wa zamani walivyofanya.

Hilo nalo ni la desturi yetu. Mke aliweza kumleta binti wa kaka yake awe mke mwenzake, damu moja chini ya paa moja, na wakwe walimsifu sana kwa hilo. Nilisimama na mwiko mkononi. Nilimtazama shangazi. Kisu chake kilikuwa kimesimama juu ya kifua cha jogoo, na uso wake haukuonyesha chochote.

"Geuza ugali," akaniambia. "Unaungua."

Akaendelea kukata. Akatenga firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba, akaiweka juu ya sahani ya mumewe kama siku zote. Akabeba chakula, akapiga magoti, akawamiminia maji ya kunawa. Mimi nilibaki jikoni, na nataka niseme wazi kwamba saa ile nilimchukia yeye kuliko nilivyomchukia Odira. Odira alikuwa mnyang'anyi. Nimewaona wanyang'anyi wengi tangu hapo na hawanishangazi. Lakini yeye alikuwa damu yangu, amesikia kila neno, na alichojali ni ugali. Sahani yangu ilipokuja na paja, nilimpa mbwa. Shangazi aliona, hakunigombeza. Ilikuwa mara ya kwanza kuacha kunigombeza na niliona hiyo nayo ni dharau.

Kamati ilikaa chini ya kibanda cha mabati kwenye kambi ya chifu. Wazee walikaa kwenye benchi, na pembeni yao afisa kijana aliyetoka mkoa mwingine, asiyejua Kijaluo, kwa hiyo kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili ili na yeye aelewe. Mbele yangu alipita kijana mmoja ambaye mjomba wake alikuwa kwenye benchi lile lile. Aliulizwa jina la babu yake, akalitaja, akapita. Nikasogea mimi. Mzee wa kwanza akaniuliza ninajua nini kuhusu hii Kenya, na mimi, kwa ujinga wa mtu aliyesoma usiku na mchana, nikafungua mdomo. Nikataja ikweta. Nikataja Ethiopia, Somalia, Uganda, Sudan na Tanzania, kila moja na upande wake. Nikapanda bonde na kushuka nalo, nikapita Kuja na Migori mpaka ziwani, nikaeleza udongo mweusi wa huku chini unavyopasuka kiangazi na kwa nini mvua ya Kisii haitufikii. Afisa alikuwa ameacha kuandika, ananisikiliza. Nilipomaliza nilijivuna kidogo.

"Hii msichana imesoma Kenya kama mtu ya mtihani," mzee mmoja akasema. "Mimi nimezaliwa hapa na sijui hizo vitu zote."

"Mtu ya hapa atasoma ya nini?" mwenzake akaunga mkono. "Ni mgeni ndio anasomanga njia ya kuingia."

Wakatikisa vichwa. Yule afisa akaandika kitu. Nimefikiria sana jambo hili tangu siku ile, na bado damu hunichemka. Ningekuwa sijui lolote wangesema mimi si Mkenya. Nilijua, wakasema najua mno. Walikuwa wameketi pale kulinda nchi ambayo hawakuweza kuieleza, na aliyeweza kuieleza wakamfanya mwizi. Nikiwa darasani, mtoto akinijibu vizuri kabisa, mpaka leo huwa nanyamaza kidogo kabla ya kumsifu, na watoto hudhani ninatafuta kosa.

Ndipo Mzee Ogola, ambaye alikuwa amekula jogoo wetu siku chache tu zilizopita, akajiegemeza kwenye fimbo yake kama mtu asiyenijua kabisa, akauliza kondo langu lilizikwa wapi. Nilikuwa nimelingoja swali hilo njia nzima. Kusema kweli ni kujinyonga, na kusema uongo sikuwa nimejifunza.

"Siku hiyo nilikuwa nazaliwa," nikajibu. "Sikuwa na nafasi ya kuangalia."

Afisa aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Wazee hawakucheka. Ogola akasema mdomo wangu ni mrefu, na kwamba kikao kijacho nije na mwanamke wa ukoo wetu aliyekuwepo nyumbani wakati nazaliwa, aseme mwenyewe mbele yao. Bila hivyo nisirudi. Alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba mama hayupo, na kwamba aliyekuwa nyumbani wakati ule, msichana ambaye hajaolewa, alikuwa mmoja tu, naye sasa ni mke wa Odira.

Nilirudi Kosele nikamwambia shangazi wanachotaka. Alikuwa anamenya viazi. Akasema hana safari ya Migori. Nikamwambia nafasi yangu ya chuo itapotea. Akasema vitu vingi hupotea. Siku zile za mwisho hatukuzungumza. Odira alinunua godoro jipya, akaamuru liwekwe stoo ninakolala, akaniuliza kwa sauti yake ya chini kama sasa nalala vizuri. Nilisema ndiyo, nikalala sakafuni. Nilikuwa nimeamua kwamba kamati ikinikataa sitarudi pale, hata kama ni kulala sokoni Migori. Asubuhi ya kikao niliondoka bila kuaga, kitabu changu kwenye mfuko wa plastiki, sina mwanamke wa kumpeleka mbele ya wazee. Nilikwenda kwa sababu ya ukaidi tu.

Nilipofika kwenye kibanda, shangazi alikuwa amekaa kwenye mstari wa wanawake, amevaa gauni lake jeupe la kanisani na kilemba. Odira alikuwa ameondoka kwenda mnadani siku iliyotangulia, na shangazi alikuwa ametoka Kosele kabla yangu. Hakunisalimu. Jina langu lilipoitwa alisimama kabla yangu. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema Kiswahili, nilidhani hakijui.

"Mimi naitwa Dorka, ni msichana ya hii boma, nimeolewa Kosele," akamwambia yule afisa, sio wazee. "Hii mtoto ni ya kaka yangu. Kondo yake mimi ndio nilizika, na mikono yangu. Iko mkono ya kushoto, karibu na ukuta ya jikoni."

Ogola akakohoa. Akasema amesikia kwamba mtoto huyu alizaliwa ng'ambo. Shangazi akamgeukia taratibu.

"Nani alikuambia, na ulikuwa unakula nini ukiambiwa?" akamuuliza. "Kama unaona nadanganya, chukua jembe. Twende sasa hivi. Nitakuonyesha mahali, na wewe ndio utafukua."

Kwetu hakuna mtu anayefukua kondo la mtu. Anayefanya hivyo huleta laana ndani ya nyumba yake, watoto wakakonda bila ugonjwa, na hakuna mzee kwenye benchi lile ambaye angekubali kuguswa hata na kivuli cha jembe hilo. Shangazi aliwatupia desturi yao wenyewe usoni, akasimama akingoja. Ogola aliangalia viatu vyake. Afisa akauliza kama kuna mzee mwenye swali jingine, hakuna aliyekuwa nalo, akapiga muhuri. Nikapigwa picha nikiwa bado nimeduwaa. Kwenye kitambulisho changu nina macho ya mtu aliyeona ajali.

Tulitembea pamoja hadi stendi ya magari, yeye mbele, mimi nyuma. Niliona aibu kwa yote niliyomfikiria, na furaha ilikuwa imenijaa kifuani. Nilimfikia, nikamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamshukuru. Aliuondoa mkono wake. Tukiwa wawili alirudi kwenye Kijaluo chetu.

"Asante ya nini? Sikuja kwa ajili yako," akasema. "Mke mwenza akitoka kwa watu wengine, nitapigana naye na nitajua ninapigana na nani. Akitoka kwa kaka yangu, nitampiga nani?"

Akafungua kilemba, akakifunga upya vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa kazi. Nikamuuliza Odira akijua itakuwaje kwake. Akasema Ogola atamwambia kabla jua halijatua, na hayo ni ya nyumbani kwake, hayanihusu.

"Nenda huko kwenye chuo chako," akasema. "Kwangu usirudi tena maadamu yule mtu anapumua. Hata ukisikia nimekufa, usije akakuona."

Akapanda gari la kurudi Kosele, akakaa upande wa mbali na mimi. Nilijiunga na chuo, nikawa mwalimu. Nilimtumia salamu kila mwaka kupitia kwa mabinti zake, naye hakujibu hata moja. Mzee Odira ndiye aliyewapokea waombolezaji langoni mwezi uliopita. Nimemwona kwenye zile picha za simu, ameketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, anakula.